Kusoma sehemu ya nne ya Juliasi Kaizari: mwongozo kamili kwa mwanafunzi na kikundi cha kusoma

Wanafunzi wengi wa fasihi hapa Dodoma, wa kidato cha tano na sita na hata wa chuo, wanaijua tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar vizuri mpaka pale Antony, rafiki wa Caesar, anapohutubia umati mbele ya maiti. Kuanzia hapo wanakimbia. Caesar ameshakufa, hotuba kubwa zimekwisha, zimebaki hema, barua na vita. Basi sehemu ya nne inasomwa usiku wa kuamkia mtihani, tena kwa muhtasari wa mtu mwingine. Hiyo ni hasara kubwa. Anguko la Brutus, kiongozi wa waliomuua Caesar, linatokea humo, katika mabishano ya fedha na ya njia ya kupitisha jeshi, kabla upanga wowote haujachomolewa vitani.

Ushauri wangu mkuu nautoa mapema. Soma sehemu ya nne ukifuatilia mambo mawili: nani anashinda hoja, na fedha iko wapi. Brutus anashinda karibu kila hoja anayobishana na wenzake, na kila ushindi wake unawasogeza wote kaburini. Ukilishika hilo, maonyesho matatu ya sehemu hii yanashikana, na sehemu ya tano inakuwa rahisi kuliko unavyodhani.

Maandalizi

Tafuta tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Aliitoa kwanza mwaka 1963, akiwa Rais, kisha akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hata kama unaisoma tamthilia kwa ajili ya somo la Kiingereza, kuwa nayo pembeni si uvivu. Inakupa picha ya tukio kwanza, ndipo unarudi kwenye maandishi ya Shakespeare ukiwa hujapotea. Ukiikosa madukani, uliza maktaba ya mkoa, ya chuo, na walimu wa zamani wa Kiswahili, maana vitabu vya miaka ile mara nyingi vimo makabatini mwa watu.

Uwe na daftari na penseli mbili za rangi. Nyekundu piga mstari kila inapotajwa fedha, dhahabu, rushwa, urithi au michango. Bluu piga kila mtu mmoja anapotoa shauri na mwingine akalikataa. Usiongeze rangi ya tatu, utaishia kupamba kitabu badala ya kukisoma.

Usibabaike ukikuta matoleo hayalingani katika hesabu ya maonyesho. Tamthilia hii iliandikwa karibu mwaka 1599 lakini ikachapishwa mwaka 1623, miaka 7 baada ya mwandishi kufariki, na chapa ile iligawa sehemu tano tu bila kutenga maonyesho. Wahariri wa baadaye ndio waliotenga. Wengine wameunganisha onyesho la pili na la tatu kuwa moja kwa sababu tukio halikatiki. Mimi hapa nafuata mgawanyo wa maonyesho matatu.

Kumbuka yaliyopita, kwa ukurasa mmoja tu

Kabla ya kuanza, andika ukurasa mmoja wa kumbukumbu, na uuzungushie hoja nne. Tatu ziko katika onyesho la kwanza la sehemu ya pili, nyumbani kwa Brutus usiku. Cassius, mwenzake katika njama ya kumuua Caesar, anataka wale kiapo, Brutus anakataa. Cassius anataka Cicero, seneta na msemaji maarufu, aingizwe katika njama, Brutus anakataa. Cassius anataka Antony auawe pamoja na Caesar; Brutus anakataa. Ya nne iko katika onyesho la kwanza la sehemu ya tatu: Antony anaomba kuzungumza mazishini, Cassius anamvuta Brutus pembeni na kumwonya, na Brutus anaruhusu. Matokeo ya ruhusa hiyo unayajua.

Ongeza mahali na wakati. Caesar aliuawa tarehe 15 Machi mwaka 44 KK. Vita vya Filipi vilikuwa Oktoba mwaka 42 KK. Filipi ni ile ile ya Wafilipi walioandikiwa na Paulo, kaskazini mwa Ugiriki ya leo. Na Sardi, ambako Brutus amepiga kambi katika sehemu hii ya nne, ni ile ya makanisa saba ya Ufunuo, katika Uturuki ya leo. Msomaji wa Biblia ana ramani hii kichwani tayari, aitumie. Ila historia na tamthilia visichanganywe katika jibu: kihistoria kulikuwa na mapigano mawili pale Filipi, tarehe 3 na 23 Oktoba, na Shakespeare ameyabana yakawa ya siku moja.

Usomaji wa kwanza uwe wa sauti

Someni kwa sauti kuanzia mwanzo wa sehemu mpaka mwisho, bila kusimama kueleza neno gumu. Kama uko peke yako, soma kwa sauti vilevile. Wanafunzi hupenda kukaa nje, chini ya mti, na kwa onyesho la umati hilo linafaa sana. Kwa sehemu hii ingieni ndani. Upepo wa Dodoma, hasa ule wa kiangazi, unameza minong'ono, na nusu ya sehemu ya nne ni minong'ono: watu wanaogopa askari wao wasisikie. Darasa lililofungwa madirisha au sebule ndogo inatosha kuwa hema.

Gaweni uhusika wa Brutus na Cassius kwa watu wenye sauti tofauti kabisa, na mkimaliza mbadilishane. Aliyesoma Brutus akishasoma na Cassius, hatarudia kusema kwamba mmoja ni mwema na mwingine ni mbaya.

Onyesho la kwanza: majina yanayotiwa alama

Ni fupi, kama mistari 50, na watu wengi wanalipita. Antony, Octavius na Lepidus, watawala watatu wapya wa Roma, wamekaa na orodha ya watu wa kuuawa. Lepidus anakubali ndugu yake afe, kwa sharti kwamba mtoto wa dada yake Antony naye afe. Antony anajibu kwamba hataishi, na anatia alama. Hapo hapo anamtuma Lepidus akalete wosia wa Caesar ili waone namna ya kupunguza yale yaliyoachiwa watu.

Simama hapo na penseli nyekundu. Wosia huo ndio Antony aliousoma mbele ya umati katika sehemu ya tatu, akawaahidi kila Mroma drakma 75 na bustani za Caesar. Watu walichoma nyumba za watu kwa ajili ya wosia huo. Sasa anaukata. Lepidus akishatoka, Antony anamsema vibaya, anamfananisha na punda wa kubebeshwa dhahabu kisha kuachiwa akale majani. Octavius anasema lakini ni askari hodari, Antony anajibu kwamba hata farasi wake ni hodari.

Jiulize kwa nini mwandishi ameliweka onyesho hili kabla ya ugomvi wa Brutus na Cassius. Jibu langu: upande huu hawagombani kuhusu maadili kabisa, wanapatana haraka, na watashinda. Upande ule wanagombana vikali kuhusu haki, na watashindwa. Shakespeare hakuambii umpende nani. Anakuwekea mambo mawili kando kwa kando.

Onyesho la pili

Usikae sana. Angalia tu kwamba Brutus anamuuliza Lucilius, ofisa wake, jinsi Cassius alivyompokea, na anatafsiri adabu ya Cassius kama dalili ya upendo uliopoa. Cassius anafika na neno lake la kwanza ni lawama. Brutus anamwomba washushe sauti na waingie hemani, majeshi yasiwaone wakigombana. Kuanzia hapo mlango unafungwa.

Onyesho la tatu: likate vipande

Onyesho hili lina zaidi ya mistari 300, na ndilo moyo wa kazi yako. Likate vipande sita na kila kipande ukipe jina lako mwenyewe: ugomvi, mapatano, kifo cha Portia (mke wa Brutus), barua za Messala (ofisa wa Brutus), shauri la Filipi, usiku wa Lucius (mtumishi mdogo wa Brutus) na mzimu. Soma kipande kimoja kwa kikao kimoja, isipokuwa ugomvi, ambao unastahili vikao viwili.

Ugomvi wenyewe unaanza na Lucius Pella, mtu ambaye Brutus amemwadhibu kwa kula rushwa kwa watu wa Sardi. Cassius alimwandikia barua kumtetea, barua ikapuuzwa. Cassius anasema wakati kama huu si wa kushikilia kila kosa dogo. Brutus anamgeuzia: na wewe mwenyewe unasemwa kwamba mkono wako unawasha, unauza vyeo kwa dhahabu. Kisha anamkumbusha Machi: tulimuua mtu mkuu kwa ajili ya haki, sasa tuchafue vidole kwa rushwa?

Hapa kila mwanafunzi yuko na Brutus. Endelea mistari michache mbele. Brutus anamlaumu Cassius kwamba alimtumia ujumbe akiomba dhahabu ya kulipa majeshi yake na akanyimwa. Na kwa nini Brutus aliomba? Kwa sababu yeye mwenyewe, anasema, hawezi kupata fedha kwa njia chafu; ni heri auyeyushe moyo wake na kuitoa damu yake iwe sarafu kuliko kuikamua mikono yenye sugu ya wakulima. Maneno mazuri, na ninaamini anayasema kwa dhati. Lakini dhahabu anayoitaka ingetoka wapi kama si kwenye mkono ule ule anaosema unawasha? Anataka fedha ya Cassius na anataka mikono yake ibaki safi. Mpigie mstari mwekundu mara mbili. Hakuna mahali pengine katika tamthilia nzima unapomwona Brutus kwa karibu namna hii: mwadilifu wa kweli, asiyeona kwamba uadilifu wake una mtu mwingine anayeugharimia.

Sasa mgeukie Cassius kwa ukali ule ule. Akilaumiwa, anasema hakumnyima. Aliyeleta jibu alikuwa mpumbavu. Baadaye kidogo anatoa jambia, anafungua kifua, anamwambia Brutus amchome kama alivyomchoma Caesar, na katika maneno hayo hayo anajitaja kuwa ndiye aliyemnyima dhahabu na sasa anampa moyo. Alimnyima au hakumnyima? Maandishi hayakupi jibu, na mwigizaji lazima achague. Kikundi kibishane juu ya hilo mpaka kichoke.

Kuna mfano mwingine wa kusoma neno kwa neno. Cassius anasema yeye ni askari wa siku nyingi zaidi na anaweza zaidi kupanga masharti. Muda si mrefu Brutus anamwambia: umesema wewe ni askari bora. Cassius anaruka: nimesema mkongwe, sikusema bora, nilisema bora? Brutus anajibu kwamba hata kama alisema, hajali. Rudini nyuma mtafute maneno yenyewe. Mtakuta Cassius hakusema bora, lakini alisema anaweza zaidi, kwa hiyo Brutus hakuzua kila kitu. Ndivyo ugomvi wa watu wanaopendana unavyokwenda. Na hawa ni zaidi ya marafiki: Cassius amemwoa dada wa Brutus, ndiyo maana wanaitana ndugu. Kwetu wangekuwa mashemeji. Usomeni ugomvi huu kama wa mashemeji wanaodaiana hela, na sauti zitapata kimo chake zenyewe.

Kwenye mapatano angalia kinachokosekana. Brutus anakiri kwamba naye alikuwa na hasira, wanapeana mikono, lakini suala la dhahabu halijibiwi. Limefunikwa tu.

Kifo cha Portia kinatajwa mara mbili, na hapa watahini wanapenda kuuliza. Kwanza Brutus anamwambia Cassius mwenyewe: Portia amekufa, alimeza moto, kwa uchungu wa kukosekana kwa mumewe na kwa kuona Octavius na Antony wamepata nguvu. Kisha Messala anaingia, anauliza kama Brutus ana habari yoyote ya mkewe, Brutus anasema hana, Messala anamweleza, na Brutus anaipokea kwa utulivu unaowashangaza wote. Kuna maelezo mawili. La kwanza, mwandishi alibadili mawazo akaandika toleo la pili la tukio, na chapa ya 1623 ikaingiza yote mawili. La pili, Brutus anajifanya hajui ili awaonyeshe maofisa wake jinsi mtu shujaa anavyobeba msiba. Nalipenda la pili, maana linafanana na Brutus yule aliyetaka hata mauaji ya Caesar yaonekane kama kafara na si uchinjaji. Lakini usiliandike kama jambo lililokwisha amuliwa. Eleza yote mawili, kisha sema lipi unalitetea na kwa ushahidi gani.

Katika barua hizo hizo, za Brutus zinasema maseneta 70 wameuawa, za Messala zinasema 100, na Cicero ni mmojawapo. Rudi kwenye ukurasa wako wa kumbukumbu, pale Brutus alipomkataa Cicero. Unganisha kwa mstari wa bluu.

Shauri la Filipi

Chora safu mbili. Upande wa Cassius: tusiende; adui atutafute yeye, amalize chakula chake, achoke njiani, sisi tumepumzika. Upande wa Brutus: watu wa kati ya hapa na Filipi wanatufuata kwa shingo upande, wametunyima michango, adui akipita kwao ataongeza jeshi, sisi tumefika kileleni, kuanzia sasa ni kushuka, mambo ya binadamu yana maji kujaa na kupwa, ukiyaacha yapwe unakwama.

Mfano huo wa maji ndio unaonukuliwa kila mahali kama hekima, hata na watu wasiojua ulikotoka. Wewe usome ulipo. Umetamkwa kutetea uamuzi uliowaangamiza. Tazama pia jinsi Brutus anavyomkatisha Cassius anapojaribu kujibu, na jinsi Cassius, aliyetoka kupatana naye dakika chache zilizopita, anavyokubali upesi. Mapatano yamemnyamazisha. Kama ungeniuliza ni wapi vita vilipotea, ningekuonyesha mistari hiyo miwili mitatu ya Cassius kuridhia.

Na mstari mwekundu upo hapa pia: watu wamewanyima michango. Fedha iliyofunikwa kwenye mapatano imerudi kwa mlango mwingine.

Lucius, kitabu na mzimu

Kipande hiki kifanyieni mazoezi kwa miguu, si kwa macho tu. Brutus anabaki na mtoto Lucius na walinzi wawili. Anakiona kitabu chake mfukoni mwa joho, baada ya kumsumbua Lucius kwa ajili yake, na hapo hapo anamwomba radhi: yeye ni msahaulifu. Linganisha radhi hii ya haraka kwa mtoto mtumishi na ugumu wake kwa Cassius saa moja kabla.

Lucius anapiga ala na kusinzia. Tafuteni zeze. Ugogoni hatuna shida ya mpiga zeze, na ukienda upande wa Chamwino utapata vijana wanaolijua toka utotoni. Wimbo uwe mdogo na ukatike wenyewe, kidole kikilegea kwenye uzi. Brutus anaichukua ala isivunjike, anafungua kitabu, taa inafifia, na mzimu wa Caesar unaingia. Ukiulizwa ni nani, unajibu kwamba ni roho mbaya ya Brutus, na kwamba watakutana Filipi. Unaondoka. Lucius anaweweseka usingizini: nyuzi zimelegea.

Mpiga zeze wenu mwacheni aamue jinsi uzi uliolegea unavyosikika. Msibandike ngoma za kutisha wala kelele za jukwaani. Mzimu huu una maneno machache mno, na ukimya ndio unaomfanya mtazamaji akae vizuri. Jadilini pia: je, wengine wanauona? Brutus anawaamsha walinzi wote wawili, hakuna aliyeona kitu.

Vuka mpaka sehemu ya tano siku hiyo hiyo

Usifunge kitabu mwishoni mwa sehemu ya nne. Soma mistari ya mwanzo ya sehemu ya tano: Octavius anamwambia Antony kwamba matumaini yao yametimia, maana Antony alidhani adui atabaki milimani, kumbe ameshuka. Hiyo ndiyo hoja ya Cassius, inathibitishwa na adui. Katika onyesho hilo hilo Cassius anamwambia Messala kwamba amelazimishwa kuuweka uhuru wao wote katika pigano moja. Katika onyesho la tatu Titinius, ofisa wa Cassius, analia kwamba Brutus alitoa amri mapema mno, na askari wake wakakimbilia kupora. Bluu na nyekundu zinakutana hapo.

Kuandika jibu

Swali la kawaida litakutaka umjadili Brutus kama shujaa wa tanzia. Jibu dhaifu linaanza hivi: "Brutus ni mtu mwema lakini ana udhaifu, na udhaifu huo ndio unaomwangusha." Hakuna kosa humo, wala hakuna kitu. Jibu lenye nguvu linachukua tukio moja na kulibana: "Katika ugomvi wa hemani Brutus anamlaani Cassius kwa kupokea rushwa, na hapo hapo anamdai dhahabu ambayo yeye anaona aibu kuikusanya, uadilifu wake unategemea uchafu anaoushutumu." Sentensi hiyo inakulazimisha ulete ushahidi, na ushahidi unao tayari kwenye daftari.

Jipe aya nne. Moja ya ugomvi, moja ya Portia, moja ya shauri la Filipi, na moja inayopeleka yote kwenye sehemu ya tano. Aya ya Filipi iwe ndefu kuliko zote, na ndani yake orodhesha zile hoja za mwanzo ambazo Brutus alishinda, ili msomaji aone mnyororo. Nukuu kwa uchache, maneno matano au sita kwa mara moja, yatoke kwenye toleo lile lile unalolitumia, na utaje sehemu na onyesho. Kama unatumia tafsiri ya Mwalimu, taja ni toleo la 1963 au la 1969, kwa kuwa maneno ya matoleo hayo mawili hayafanani. Ukimaliza, mpe mwenzako aliyesoma uhusika wa Cassius alisome jibu lako na autetee upande wake, kisha andika upya ile aya atakayoibomoa.